Chungu cha Mama na Betri ya Riali Tatu

Chungu chenyewe kilikuwa na umri kunishinda mimi. Mama alikuja nacho Maskati kutoka Wete mwaka 1972, zile siku ambazo watu wetu walikuwa wanarudi Oman kwa mafungu baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Alikipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Masanduku mawili ya nguo yalipotea, chungu kilifika. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba chungu hicho kimefia kwenye roshani ya ghorofa ya pili hapa Wadi Kabir, na tumboni mwake mmekutwa betri ya gari la kuchezea, ana haki ya kuuliza nani kafanya.

Ni mimi.

Wadi Kabir, kwa asiyeijua, ni bonde lililobanwa na majabali karibu na Ruwi, limejaa karakana, maduka ya spea na magari ya mkono wa pili yaliyopangwa kama mchele wa kuchambuliwa. Mlango wa pikapu yako ukikatika, huku utaupata mwingine, pengine wa rangi ileile. Mimi naweka hesabu katika karakana moja, mwaka wa kumi na tisa huu. Sijawahi kufungua nati. Lakini ukikaa na mafundi muda wote huo unaambukizwa maradhi yao: unaanza kujiona na wewe fundi.

Gari lililetwa na shemeji yangu kutoka Uingereza. Tamiya, aina ya TT-02, skeli ya moja kwa kumi, la mkono wa pili lakini zima, na bodi lake jekundu bado linang'aa. Mwanangu, ana miaka kumi na mbili, alilala nalo kitandani usiku wa kwanza. Usiku wa pili alikuja na malalamiko. Betri iliyokuja nalo, ile ya nikeli ya seli sita, ilikuwa imezeeka. Dakika tano gari linakwenda, ya sita linatambaa, ya saba unalibeba.

"Baba, wenzangu wote wana lithiamu."

"Betri ni betri tu," nikamwambia.

Hilo ndilo neno langu la kwanza katika mkasa huu, na mke wangu amelihifadhi. Hulitoa kila akihitaji.

Siku ya Ijumaa nikashuka sokoni. Soko la Ijumaa la Wadi Kabir lina kila kitu kilichowahi kuwa mali ya mtu mwingine, na baina ya feni ya meza na jozi tatu za viatu vya mpira, juu ya turubai, nikaiona: kisanduku cheusi cha plastiki, waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, na kijiwaya cheupe pembeni nisichokijua kazi yake. Imeandikwa volti 7.4, 5000 mAh, 50C. Muuzaji, mzee mpole, akasema riali nne.

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

Hakunidanganya. Ilifanya kazi, siku moja na nusu.

Hapo mwenye akili angepiga hesabu, na mimi hesabu ndiyo kazi yangu. 5000 mAh ni uwezo wa kutoa ampia 5 kwa saa nzima. Hiyo C ni mara ngapi ya kiasi hicho betri inaweza kutema kwa mkupuo. Tano mara hamsini ni 250. Ampia 250! Starta ya pikapu inapoamsha injini asubuhi mara nyingi haifiki huko, nami nikaamini kisanduku cha ukubwa wa mche wa sabuni kitaweza, kwa waya zile. Baadaye nimejua kwamba hiyo tarakimu ya C ni kama mahari yanayotangazwa harusini, kila mtu anajua imetiwa chumvi na hakuna anayesimama kupinga. Kitu kisichoweza kutiwa chumvi ni uzito. Seli mbili za 5000 za kweli, pamoja na kisanduku chao kigumu, huvuta gramu 250 au zaidi. Yangu tulikuja kuipima, mambo yalipokwisha kuharibika, kwenye mizani ya mke wangu ya keki: gramu 170. Yaani niliuziwa betri na karibu theluthi ya betri haimo.

Lakini pale sokoni nilimshusha mzee hadi riali tatu, nikapanda kilima cha nyumbani nikitembea kama mtu aliyenunua shamba la mikarafuu.

Haikuingia.

Nilikuwa nimepima nafasi ya betri kwa shubiri. Urefu ulikuwa sawasawa, maana pakiti hizi zina kipimo chao kilichozoeleka: milimita 139 kwa 47 kwa 25, kupungua au kuzidi kidogo. Tatizo lilikuwa pembe. Gari hili limechongwa kwa ajili ya seli za nikeli, ambazo ni za mviringo, zimelala mbilimbili kama vitumbua kwenye sinia. Kwa hiyo kitanda chake cha betri kina mabega ya mviringo. Seli za lithiamu ni bapa, na kisanduku nilichonunua kilikuwa na pembe kali kama tofali. Zipo pakiti za lithiamu zenye pembe zilizoviringwa makusudi kwa magari ya namna hii. Sikuuliza. Nilikwenda karakana nikaazima tupa.

Nikakaa sebuleni kuchonga gari la watu. Unga mweusi wa plastiki ukaruka, ukatua, na palipotua ni juu ya mikate ya ufuta minne iliyokuwa inapoa mezani. Mama akaumega mmoja, akautazama kwa kuusogeza karibu na jicho, akasema, "Ufuta huu mweusi umetoka wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Baada ya Isha betri ikaingia, kwa kulazimishwa, kama mguu kwenye kiatu cha Idi iliyopita. Sasa plagi. Ya gari ni nyeupe, pana, ya kizamani. Ya betri ni ya njano, kichwa kinene. Haziongei. Dawa yake ni kukata moja na kulehemu nyingine, kazi ya dakika kumi kwa fundi. Nikaona pulaizi iko mbali, na mkasi wa mke wangu wa kushonea uko karibu.

Msomaji, nisikilize hapa hata kama gari la rimoti hutaligusa maisha yako. Betri haina swichi. Umeme wake uko macho muda wote. Waya zake hukatwa mmojammoja, na ule uliokatwa hufungwa tepu kabla ya kuugusa wa pili. Mimi nilizikata zote mbili kwa pigo moja, na mkasi ni chuma, kwa hiyo mkasi ukawa njia. Mlio ulikuwa kama fataki za Idi, tak! Mwanga wa buluu. Nilipofumbua macho nilikuwa nimeshika mkasi wenye pengo, mahali palipoliwa pamoja na makali yake, nafasi ya punje ya dengu kila upande.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliuchukua, akaufungua, akaufunga, akaukata hewani karibu na sikio lake kusikiliza.

"Huu ndio uliokata gauni la harusi ya dada yako," alisema, akaenda kulala.

Kulehemu nilisaidiwa na mwanangu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nilikuwa nataka kuoza waya nyekundu kwa waya nyeusi. Na yeye ndiye aliyeipora chaja mkononi mwangu nilipotaka kutumia ile ya zamani. Alinieleza, na alieleza vizuri kuliko karatasi yoyote. Chaja ya nikeli inasukuma umeme huku inangoja volti zianguke kidogo; zikianguka, inajua betri imeshiba. Lithiamu haina adabu hiyo ya kucheua. Itaendelea kula hadi ipasuke. Inataka chaja yake, inayoijaza kila seli hadi volti 4.2 na kusimama, na ile waya nyeupe nyembamba ndiyo inayoiwezesha chaja kuitazama kila seli peke yake ili moja isishibe wakati mwenzake ana njaa. Kwa pakiti ya 5000, usizidishe ampia 5. Na betri ikikaa kabatini wiki mbili tatu haikai imejaa wala imekwisha, hukaa katikati, kama volti 3.8 kila seli.

Chaja ya namna hiyo ikatutoka riali tisa. Betri ya riali tatu ilikuwa imeanza kudai mahari.

Kiswahili kimetupa neno moja, rahisi, kwa kitu cha bei ndogo na kwa kitu kisicho na taabu, na mimi nadhani nusu ya hasara za nyumba zetu zimeanzia kwenye neno hilo. Mama ana lake: rahisi huvunja upishi. Hakujua alikuwa anatabiri.

Karatasi ya chaja ilisema betri ichajiwe ndani ya kitu kisichoshika moto, mbali na mapazia na magodoro, na mtu awepo. Iko mifuko maalumu inauzwa. Wengine hutumia chungu cha maua. Nikatazama huku na huku. Juu ya kabati la jikoni, kimefunikwa kwa kipande cha kanga, kilikuwa kimekaa chungu cha mama, kinene, cha duara, hakijapikiwa tangu Idi kubwa. Mama alikuwa amelala baada ya Adhuhuri. Nikajiambia udongo ni udongo.

Hilo nalo mke wangu amelihifadhi.

Alasiri ile tukashuka kwenye mkondo mkavu wa wadi, mimi, mwanangu na watoto wa majirani wasiopungua saba. Lazima niseme ukweli: ilikuwa raha. Ile nikeli ilikuwa na volti 7.2 kwenye karatasi, hii 7.4, mtu ataona ni kitu kilekile. Lakini lithiamu iliyojazwa inaanza na 8.4, na haichoki njiani, inashikilia nguvu yake karibu mpaka mwisho. Gari lilitoka kama mbuzi aliyeona kisu. Lilirusha changarawe, likaruka jiwe, likatua, likazunguka, watoto wakapiga makofi. Nilimwomba mwanangu rimoti nijaribu dakika moja. Nilimrudishia jua linakaribia kuzama.

Na nilimrudishia kwa sababu gari lilikuwa limeanza kupungua mwendo, nami nimebana tu kidole, limetambaa, nimebana, limesimama.

Hilo ndilo kosa lililoua, na halikutoa hata cheche. Nikeli unaweza kuikamua hadi tone la mwisho, itanuna lakini itapona. Seli ya lithiamu ikishuka chini ya volti 3 inaumia ndani. Magari mapya yana kidude cha kugawa umeme kwenye mota ambacho kinakata chenyewe kabla ya kufika huko, ukikipanga hivyo. Cha gari letu kilikuwa cha zamani, hakijawahi kusikia habari za lithiamu. Kuna king'ora kidogo, cha ukubwa wa kiberiti, unakichomeka kwenye ile waya nyeupe, seli ikishuka kinalia mpaka majirani wanatoka nje. Bei yake riali moja. Sikuwa nacho, kwa sababu nilikuwa nabana matumizi.

Usiku chaja ikaisoma: seli moja volti 2.6, ya pili 2.1. Ikakataa. Ikaandika kosa kwenye kioo na kulia. Nilipoishika betri, kile kisanduku kigumu kilikuwa kimeanza kuachia mshono, ndani kuna kitu kimefura kama hamri inayoiva kwenye mafuta. Mtu mwingine angeitoa nje hapohapo. Mimi nilikataa kukataliwa na mashine niliyoinunua kwa riali tisa. Nilikuwa nimeshasikia karakanani kwamba betri iliyokufa huamshwa, kwa hiyo kesho yake, kijana akiwa kwa bibi yake wa upande wa pili, nikaidanganya chaja kwamba ile ni nikeli, nikaisukumia umeme dakika chache hadi volti zikapanda, halafu nikairudisha kwenye lithiamu. Ikakubali. Nikajiona daktari. Nikaifunga tumboni mwa chungu, nikaiweka roshani.

Mwezi ulikuwa wa Julai. Wasiokaa hapa hawajui maana yake. Quriyat, mwendo mfupi wa gari kutoka Maskati, mwaka 2018 mwezi wa Juni, palipita usiku na mchana wake ambapo joto halikushuka chini ya digrii 42.6, na hiyo ndiyo iliyokuwa nafuu. Lithiamu haipendi kuchajiwa kwenye joto hata ikiwa nzima. Yangu ilikuwa mgonjwa, na nimeiweka juani.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi kabla ya Magharibi mama hutia ubani kwenye chetezo na kuupitisha kila chumba, na wiki ile mimi ndiye niliyenunua ubani, wa Dhofar, weupe kabisa, nikajisifu nao. Tumekaa ukumbini. Harufu ikaingia, tamutamu, imechanganyika na kitu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha.

"Ubani wa leo umenukia," mama akasema. "Una utamu."

"Wa Dhofar huo, mama. Nimechagua mwenyewe."

"Mungu akuzidishie."

"Amin."

Tukavuta pumzi, wote watatu, tukisifu. Mke wangu akaongeza kwamba unanukia kama saluni. Halafu mama akainama, akatazama miguuni kwake.

"Chetezo changu hiki hapa, na hakijawashwa bado. Ule moshi wa nani?"

Nilifika roshani nikakuta moshi mweupe unatoka mdomoni mwa chungu kwa nguvu, fyuuu, kama birika lililosahauliwa, kisha moto, mrefu kama mkono. Nilichofanya mimi ni kusimama. Mke wangu alinipita, akainyanyua beseni ya mrehani wake, mche, mizizi, udongo na vyote, akaimwaga juu ya mdomo wa chungu. Moto ukaminywa ukatokea pembeni, ukaminywa tena. Akatuvuta ndani kwa kola, akafunga mlango wa kioo, akaziba chini kwa taulo bichi. Moshi ule ni sumu, usivutwe; nasi tulikuwa tumeshauvuta na kuuombea dua. Kwa rehema ya Mungu tulikohoa usiku ule tu, mlango wa roshani ulikuwa umefungwa nusu.

Tulingoja saa nzima. Tulipotoka, tukakuta roshani nyeusi, mrehani umekauka kama chai, na chungu kimesimama. Kilikuwa kimeubeba moto wote ndani yake, hakikuuachia hata mkeka uliokuwa hatua mbili pembeni. Mama alipoweka kidole kukigusa, kikapasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni, taratibu, bila sauti kubwa.

Alikaa kitako palepale chini. Baada ya muda akauliza, "Humo ndani ya betri mna nini?"

Nikamwambia lithiamu, na kwa kawaida kobalti.

"Kobalti inatoka wapi?"

Nyingi duniani inatoka Kongo, nikasema, pande za Kolwezi, na wenyeji wa huko wengi wanasema Kiswahili.

Mama akatikisa kichwa. "Basi ilikuwa inatusikia tunavyoisifu."

Ni mke wangu aliyecheka kwanza. Mimi nilisubiri ruhusa.

Kesho yake mke wangu alikaa na daftari langu mwenyewe na kunifanyia ukaguzi. Betri, riali 3. Plagi na lehemu, riali moja na nusu. Mkasi mpya wa kushonea, 6. Mikate ya ufuta, baisa 500, na hapo hakutaka kujadiliana. Chaja riali 9 niliomba isihesabiwe kwa kuwa ingehitajika vyovyote, akakubali. Jumla riali 11 kamili, kwa betri ambayo haipo. Chungu aliacha mstari wazi.

Kwa riali 11 hizohizo tulinunua pakiti mpya, safari hii dukani, mwanangu akiwa mbele na rula mkononi. Seli mbili, volti 7.4, pembe zimeviringwa, kisanduku kigumu, 4000 tu, maana mota ndogo ya gari hili haihitaji makubwa, na 30C za kweli zinaitosha na kubaki. Tuliipima uzito kabla ya kulipa. Plagi tumebadilisha upande wa gari, ile ya kizamani tumeitupa, ili kila betri itakayokuja ikute mlango unaoijua. King'ora cha riali moja kimo. Haichajiwi tukiwa tumelala, haikai roshani, na haisahauliwi kwenye buti la gari mchana. Imeingia kwenye nafasi yake kwa kidole kimoja. Ile tupa niliirudisha karakana bila kusema nilichochongea.

Mkasi wenye pengo sasa ni wangu. Nakatia tepu.

Mama wali wa nazi anapika kwenye sufuria, na kila Ijumaa anasema si mbaya, kwa ile sauti. Kwa hiyo natoa ombi kwa yeyote anayekuja Maskati kutoka Pemba: atuletee chungu cha wali, cha duara, kinene, kilichochomwa vizuri, na akipakate mkononi, asikitie kwenye mizigo ya chini. Bei atakayotaja nitalipa. Sitamshusha.